Nyaya Mbili Hazitoshi Kupeleka Umeme Garajini

Bukavu ni mji wa miteremko. Ukishuka kutoka Nyawera kuelekea Muhumba, au ukizunguka Nguba, utakuta parseli nyingi zimepangwa namna moja: garaji iko juu, kando ya barabara, na nyumba iko chini yake, mita ishirini, thelathini, hata hamsini upande wa ziwa Kivu. Wajenzi wa enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, waliona gari haliwezi kushuka mteremko ule hadi mlangoni, wakaliachia chumba chake huko juu. Siku hizi magari yanayolala humo ni machache. Garaji moja imekuwa saluni, nyingine duka la vinywaji baridi, nyingine karakana ya kuchomelea milango na madirisha, nyingine chumba cha fotokopi na kuchaji simu. Barabara inaleta wateja, na chumba kilichojengewa gari ndicho kinacholipa karo za watoto. Basi kila mwenye parseli anataka umeme ufike kule juu, na anautaka haraka.

Mimi ni fundi umeme hapa mjini, na kazi ya namna hii naitiwa mara kwa mara. Nikifika, mara nyingi nakuta mwingine amekwisha kutangulia. Nyaya mbili nyembamba, zile zilizoshikana za taa ya mezani, zimechomekwa sebuleni, zikatolewa dirishani, zikafungwa kwenye mparachichi, zikaingia garajini kupitia tundu la bati. Taa inawaka, redio inaimba, na mwenye nyumba anaridhika. Kuwaka kwa taa kunathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme umefika. Hakukuambii utakwenda wapi siku utakapotoka njiani.

Nitaeleza kwa mfano wa mlango mmoja wa Muhumba. Ni mlango mkubwa wa bati na chuma, umepakwa rangi ya kijani, na ndani kijana wa nyumba hiyo anachomelea vyuma. Mama yake ndiye aliyeniita.

"Fundi, ule mulango unapigaka watu," akaniambia, akisimama mbali nao. "Mvua ikinyesha ndiyo unapigaka zaidi."

Kijana alikuwa amevaa mabuti ya mpira, akasema yeye hasikii kitu. Nikapigilia msumari mrefu kwenye udongo uliolowa karibu na kizingiti, nikagusisha ncha moja ya kipimo changu kwenye msumari na nyingine kwenye komeo la mlango. Kipimo kilisoma volti 140. Mama akauliza kama hizo ni nyingi. Nikamjibu, "Mama, hata nusu yake inaua. Watoto wasipite hapa mpaka nimalize." Nikateremka kuzima.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nyaya zilipita kati ya fremu na bawaba ya juu, na kila mlango ulipofungwa bawaba ilizibana. Plastiki ilikuwa imelika upande mmoja hadi shaba ikatokeza, na shaba yenyewe imeanza kuota kutu ya kijani kwa unyevu. Pale ndipo umeme ulipoingia kwenye mlango mzima. Chini, kwenye ubao wa umeme wa nyumba, palikuwa na disjonktere ya ampea 20, mpya, inang'aa. Haikuwa imeruka hata mara moja.

Kwa nini haikuruka? Mwenye nyumba akilielewa jibu la swali hili, mengine yote ya makala haya yatamwingia kwa urahisi. Disjonktere hulinda waya. Kazi yake ni kukata umeme pale waya unapobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, au pale nyaya mbili zinapogusana na mkondo ukapanda ghafla kufikia mamia ya ampea. Mlango unaogusa waya mmoja tu hauleti hali hiyo. Umeme hutoka mlangoni, ukashuka kwenye udongo, ukasafiri ardhini kurudi kwenye transfoma ya mtaa, na udongo ni njia ngumu. Tuseme ugumu wa njia hiyo yote ni omu 50. Gawa volti 220 kwa 50, utapata ampea 4.4. Kwa disjonktere ya ampea 20, hizo ni sawa na mtu aliyechomeka pasi ya nguo. Inaziacha zipite usiku na mchana, na mlango unabaki na umeme wake ukimsubiri mtoto atakayekuja peku.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, diferansiele. Hiki hulinganisha umeme unaotoka kwa waya mmoja na ule unaorudi kwa waya wa pili. Viwili hivyo vinatakiwa viwe sawa. Vikipishana, maana yake kuna umeme unaopotelea mahali, ama kwenye chuma, ama ardhini, ama kwenye mwili wa mtu. Ile ya milimampea 30, ambayo ndiyo ninayoidai kwa kila garaji, hukata kabla ya theluthi moja ya sekunde kupita. Kiwango hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwenye milimampea 10 hivi misuli ya mkono hukakamaa na mtu hawezi tena kuachia alichokishika. Ukipita 30 na kuendelea, pumzi huziba, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ampea moja ina milimampea 1000, kwa hiyo zile ampea 4.4 za mlango wetu zilikuwa zaidi ya mara mia moja ya kiasi hicho.

Hata hivyo diferansiele peke yake ni nusu ya kazi. Mlango ukiwa umekaa juu ya sementi kavu, umeme unaovuja unaweza kuwa mdogo mno hata kifaa kisiuone. Kitauona mtu atakapogusa, kwa sababu hapo mwili wake ndio unaokuwa njia. Atapigwa, kisha umeme utakatika. Mimi sitaki mteja wangu apigwe ndipo kifaa kifanye kazi. Ndiyo maana nahitaji waya wa tatu, wa kijani na njano, ambao hapa tunauita tere. Waya huu hufungwa kwenye mlango wa chuma, kwenye fremu, kwenye mwili wa mashine ya kuchomelea na kwenye mwili wa friji, kisha ukashuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Siku waya wa umeme utakapogusa chuma, mkondo utakimbilia fimbo palepale, diferansiele itauona, itakata, na mwenye nyumba atashangaa tu kwa nini taa zimezimika. Hakuna aliyeguswa.

Fimbo hiyo ina masharti yake. Kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi kama wetu, ukiwa na unyevu, fimbo ya mita 1.5 inaweza kukupa omu 60 hivi. Ukiizamisha hadi mita 3 zinapungua karibu nusu. Kanuni za Kibelgiji, ambazo mafundi wengi wa Kongo tumelelewa nazo, zinataka omu ziwe chini ya 30. Wafaransa wanakubali hadi 100. Mimi nafuata za Wabelgiji, na kama fimbo moja haifikishi, naongeza ya pili, mbali na ya kwanza kwa angalau urefu wake, nikaziunganisha. Naitafutia mahali ambapo maji ya paa hutiririkia, kwa sababu kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha udongo wa juu, na fimbo iliyopimwa vizuri mwezi wa Aprili inaweza kukuangusha mwezi wa Julai. Kuna watu humwaga chumvi na makaa ndani ya shimo ili omu zishuke. Zinashuka kweli, kwa muda. Mvua za Bukavu huikokota chumvi ile ikaenda zake, na kabla haijaenda imekwisha kuanza kuila shaba.

Hapa lazima niseme juu ya ujanja mmoja ambao umeenea sana na ambao napigana nao kila siku. Fundi anaambiwa aweke tere. Hana fimbo, au hataki kuchimba. Basi ndani ya boksi la garaji anachukua kipande cha waya, anaunganisha ule wa kurudisha umeme, yaani netro, na ule mkanda wa tere. Anamwonyesha mwenye nyumba kipimo, kipimo kinakubali, analipwa, anaondoka. Sasa fikiria nguzo zetu. Nyaya zinapita juu ya mikaratusi na mabati, na upepo wa mvua za Oktoba huzivuta. Siku netro itakapokatika huko nje kwenye nguzo, umeme uliopita ndani ya taa na friji utakosa njia ya kurudi, utabaki umejaa kwenye netro ya nyumba, na kupitia kile kipande cha waya utaingia kwenye kila chuma cha garaji: mlango, friji, mashine, hata ukuta wa mabati. Fundi aliyetaka kukupa kinga amekufungia mtego. Tena ukiwa na diferansiele nyumbani, muungano ule utaifanya iruke kila mara, na nimeona mahali ambapo jawabu lilikuwa kuiondoa diferansiele. Netro na tere zisikutane garajini kwa hali yoyote. Ukifungua boksi ukakuta zimefungwa pamoja, usilipe kazi hiyo.

Naweka fimbo huko juu kwenye garaji, na bado naipitisha tere ndani ya kablo kutoka nyumbani, nikaunganisha fimbo ya nyumba na ya garaji ziwe kitu kimoja. Wengine huona ni kupoteza shaba. Sababu ni kwamba majengo mawili yenye ardhi mbili zisizojuana yanaweza kuwa na volti tofauti, hasa radi inapoanguka karibu, na mtu akishika kablo ya kompyuta iliyotoka jengo moja huku ameegemea mlango wa jengo jingine, yeye ndiye anayeziunganisha.

Tuje kwenye kablo, kwa sababu ndiyo inayokula pesa na ndiyo inayodanganya watu.

Umeme wetu unatoka kwenye mto Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapoanza safari ya kwenda Tanganyika. Mtambo wa kwanza, Ruzizi I, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na uwezo wake ni megawati 29.8. Wa pili, Ruzizi II, ulianza mwaka 1989 na uwezo wake ni megawati 43.8, lakini huo tunagawana na Rwanda na Burundi kupitia shirika la SINELAC. Ongezea chupa za plastiki ambazo mvua huzisukuma kutoka mitaani hadi ziwani na kutoka ziwani hadi kwenye mashine za Ruzizi I, mpaka mashine zinasimama. Mji umekua, mitambo haikukua nao. Matokeo ni kwamba jioni, watu wote wanapopika na kupiga pasi, volti zinazofika kwenye kontere, yaani mita ya umeme, si 220. Ukiwa na 180 jioni, shukuru. Umeme huo uliokwisha kuchoka ndio unaotaka kuupandisha mita arobaini hadi garajini.

Waya mwembamba kwa umeme ni kama bomba jembamba la maji lililopandishwa mlimani: presha inapotea njiani. Tufanye hesabu ya mita 40 na mzigo wa ampea 16, kiasi ambacho friji ya duka pamoja na mashine ndogo vinaweza kufikia. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza volti kama 19 njiani. Kwa 2.5 utapoteza kama 11 na nusu. Kwa 4, volti 7. Kwa 6, chini ya 5. Kipimo kinachokubalika kwa mitambo ni kupoteza asilimia 5, ambayo kwa 220 ni volti 11. Kwa hiyo waya wa 1.5 uko mbali na kipimo, na 2.5 haujafikia. Na zile volti 19 haziendi hewani. Kwa ampea 16 ni wati zaidi ya 300 zinazogeuka joto ndani ya waya wenyewe, na kama waya huo umezungushwa kwenye roli au umebanwa chini ya zulia, plastiki inalainika. Kule Kadutu, Nyamugo na Cimpunda, nyumba za mbao zimepakana ukuta kwa ukuta. Moto ulioanza kwenye waya wa jirani hauulizi mpaka wa parseli uko wapi.

Kwa umbali huo mimi natumia kablo ya nyaya tatu za milimita 6. Mteja husema, "Fundi, ni taa mbili tu na redio." Leo ni taa mbili. Baada ya mwaka mtoto wa shangazi atamaliza shule ya ufundi, ataomba chumba, ataleta mashine ya kuchomelea inayodai zaidi ya ampea 20, na hakuna atakayechimba tena mtaro. Kwa waya wa 6 naweka disjonktere isiyozidi ampea 32, kwa 2.5 haizidi 20; kwa 1.5 haizidi 16. Mtu akikushauri uweke disjonktere kubwa kwa sababu ile ndogo inaruka-ruka, muulize kwanza waya ni wa ngapi. Tena angalia kontere yako inaruhusu kiasi gani. Kama nyumba nzima ina ampea 20, garaji haiwezi kupata 32, na hilo unalizungumza na SNEL, shirika la umeme, kabla ya kununua chochote.

Dukani, kwaruza. Kuna nyaya zinazouzwa mjini ambazo nje ni shaba na ndani ni aluminiamu iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ya shaba. Naomba kipande cha ncha, navua plastiki, nakwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukitoka mweupe kama sufuria, narudisha. Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na kwenye skrubu hulegea na kupata joto. Njia nyingine ni mizani ya mkono: shaba ni nzito mara tatu na zaidi, na roli la uongo ukilinyanyua utalijua. Kisha napima unene. Waya mmoja mgumu wa 2.5 wa kweli una kipenyo cha milimita 1.78. Nimeshika nyaya zilizoandikwa 2.5 ambazo hazikufika hata 1.38, na hicho ni kipenyo cha 1.5. Maandishi kwenye plastiki hayapitishi umeme. Mwenye duka akikasirika kwa kupimwa, jirani yake atauza.

Njia ya kablo nayo ina hesabu yake ya Bukavu. Kwa ardhi iliyotulia nachimba sentimita 60, natandaza mchanga, napitisha kablo ya kufukiwa, ile ngumu yenye ngozi nene, ndani ya bomba la plastiki, nafunika tena mchanga, kisha naweka utepe mwekundu wa onyo ili yule atakayekuja kupanda migomba auone kabla jembe halijafika kwenye umeme. Lakini ardhi yetu si yote iliyotulia. Mtaa wa Funu umekaa juu ya mteremko unaoshuka polepole mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba wanasayansi wanaufuatilia kwa satelaiti, na wenyeji wanaona kuta zikipasuka na mabomba ya maji yakikatika. Sehemu nyingine za mji zina mienendo hiyohiyo kwa udogo. Ukifukia kablo imenyooka kwenye udongo unaotembea, udongo utaivuta mpaka iachie kwenye boksi, au ikatike katikati na kuvuja kimya chini ya njia ya watoto. Mahali pa namna hiyo naacha mzunguko wa kablo iliyolegea kila upande, au naachana na mtaro kabisa na kupitisha juu kwa waya wa chuma wa kushikilia, kutoka ukuta hadi nguzo imara, kimo ambacho lori la mchanga litapita bila kugusa. Mti haufai kuwa nguzo. Unayumba, unakua, na tawi husugua plastiki mpaka shaba.

Nikimaliza nachora kwenye karatasi njia ya kablo na vipimo kutoka kwenye kona za nyumba, naibandika ndani ya mlango wa boksi. Parseli hapa zinauzwa na kugawanywa kati ya warithi. Yule anayenunua hajui chini kuna nini.

Boksi la garaji ni boksi kamili, dogo: swichi kubwa ya kuzima yote, diferansiele ya milimampea 30, kisha disjonktere moja ya taa, moja ya soketi, na moja ya mashine ikiwepo. Kablo inayokwenda garajini naianzishia kwenye ubao mkuu wa nyumba, kabla ya diferansiele ya milimampea 30 ya vyumbani, chini ya diferansiele kubwa ya milimampea 300 ya nyumba nzima. Faida yake ni kwamba kosa la garajini linazima garaji tu, na mama hapotezi taa jikoni usiku kwa sababu kijana amegusisha waya huko juu. Soketi naziweka juu, kimo cha kiuno au zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala sakafuni, na garaji ngapi hapa hazina jerikeni moja ya mafuta yaliyonunuliwa kwa kadafi, muuza mafuta wa kona? Cheche ya soketi iliyo karibu na sakafu hukutana nao.

Na kama ndani ya garaji ndipo mnapoweka jenereta, basi kuna mambo mawili yasiyojadiliwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, kwa hiyo jenereta inawashwa nje, hata mvua ikinyesha. Ijengewe kibanda chake chenye paa, kilicho wazi pande zote. La pili ni ile kamba yenye vichwa viwili vya kiume, inayochomekwa kwenye soketi ili jenereta iwashe nyumba nzima kwa kinyume. Umeme huo haukomei kwenye nyumba yako. Unatoka kupitia kontere, unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma inaugeuza kuwa maelfu ya volti kwenye waya ambao mfanyakazi wa SNEL ameambiwa umezimwa na ameupandia ngazi. Tumia inverseri, ile swichi yenye nafasi tatu: SNEL, sifuri, jenereta. Haiwezekani vyote viwili kuunganika kwa wakati mmoja hata mtu akikosea gizani.

Juu ya radi nitasema kwa ufupi. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia takwimu za satelaiti ya NASA uliiweka mashariki mwa Kongo mbele ya Afrika yote kwa wingi wa radi, na duniani ziwa Maracaibo la Venezuela tu ndilo lililotangulia. Kablo ndefu kati ya majengo mawili hukusanya mshtuko wa radi hata ikianguka mbali kidogo. Parafudri, kifaa cha kuzuia mshtuko huo, kwenye ubao mkuu inasaidia, ila inafanya kazi tu kama tere ni nzuri. Ukiwa huna, chomoa vifaa ngurumo zikianza, na uviache vimechomoka pia umeme unapokatika, maana wakati wa kurudi volti huja kwa kuruka, na friji nyingi za Bukavu zimekufa katika dakika hiyo.

Watu huniuliza wafanye nini pesa isipotosha kwa yote haya. Nawaambia wapunguze soketi. Garaji yenye taa moja na soketi moja, ikiwa na fimbo, diferansiele na waya wa kutosha, inaweza kuongezewa polepole mwaka hadi mwaka. Iliyojaa soketi bila kinga haina pa kuanzia isipokuwa kuibomoa. Na usikubali kazi iishe bila fundi kukuonyesha kipimo cha omu za fimbo kwa macho yako, kisha abonyeze kile kitufe cha majaribio kwenye diferansiele umeme ukiwepo. Isiporuka, haipo. Wewe mwenyewe ukibonyeze kila mwezi. Hakihitaji elimu yoyote.

Kama garaji yako ina mlango wa chuma na umeme wake ulivutwa kwa nyaya mbili, nenda uuzime leo kwenye ubao wa nyumba, uwaambie watoto na wapangaji wasiuwashe, kisha mwite fundi mwenye kipimo, na usiuwashe tena mpaka akuonyeshe waya wa tatu unapoingia ardhini.